Dhahabu ya kwenye gemu: nani ana chenji?

Mkuu, umeuliza sarafu moja ya dhahabu iwe na thamani gani kwenye ulimwengu unaoutunga, maana wachezaji wako wamelipora pango la joka, wana sarafu elfu tano na hakuna tena kinachowasumbua. Yalinikuta hayo. Nachezesha watu watano hapa Shangani, Mtwara mjini, gemu ya dadu na karatasi: mimi nasimulia, wao wanaigiza mashujaa (umeme ukikatika tunawasha tochi ya simu, tunaendelea). Mwaka wa kwanza niligawa dhahabu kama pipi, hadi mdogo wangu akanunua nyumba ya wageni nzima ili asilipie chumba cha usiku mmoja.

Dawa niliipata dukani kwa mjomba, kijijini huko Tandahimba. Kabla ya msimu, mpelekee noti ya elfu kumi asubuhi ununue chumvi na kiberiti. Anakurudishia noti yako: "Mpwa, sina chenji." Pesa unayo mkononi na mboga unakula bila chumvi. Ngoja sasa Oktoba au Novemba, minada ya korosho ianze na malipo yaingie. Noti ileile anaipokea bila hata kuitazama. Tena kuku kapanda bei, bodaboda kapandisha nauli, na fundi wa kuezeka hashikiki. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, jiulize kijijini kwako kuna pesa kiasi gani siku ile wachezaji wanapoingia, na kuna nini cha kununua.

Chukua kanuni za gemu ya namna hii, Dungeons & Dragons, toleo la tano. Shaba 10 ni fedha 1, fedha 10 ni dhahabu 1, na kibarua asiye na ujuzi analipwa fedha 2 kwa siku. Dhahabu moja basi ni kibarua cha siku tano. Deraya kamili ya bamba, yaani vazi la chuma la vitani, ni dhahabu 1,500, yaani siku 7,500 za jembe, miaka ishirini na ushee bila kupumzika hata Ijumaa. Mtu anayetupa dhahabu mezani kwa kikombe cha pombe cha shaba 4 anadai arudishiwe shaba 96. Mama pombe azitoe wapi? Siku hizi namjibu kama mjomba, na hapo ndipo gemu inaponoga: anywe kwa mkopo, awanunulie wote waliopo, au amtafute wa kumvunjia pesa, ambaye naye ana chake cha kukata.

Uzito nao usiusahau. Kwenye kanuni hizo sarafu 50 ni ratili moja, kwa hiyo elfu tano zako ni ratili 100, kilo 45 hivi. Dhahabu ni nzito lakini haichukui nafasi. Zote zinaenea kwenye dumu la lita tano. Waambie wakimbie nalo porini.

Wengine watakwambia ulimwengu wa kale ulitembea kwa dhahabu. Nenda Kilwa Kisiwani, hapo Lindi tu. Mji ule ulineemeka kwa dhahabu ya bara iliyopitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akaukuta umechangamka. Lakini sarafu za masultani wake zinazookotwa kwa wingi ni za shaba, vidogo, jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yenye vina. Za dhahabu ni za kuhesabu kwa vidole. Dhahabu ilikuwa mzigo wa jahazi, shaba ndiyo ya sokoni. Hata sisi tukitaja pesa kwa heshima tunasema "fedha", jina la madini ya pili.

Gemu za mtandaoni sitazisema sana. Kwenye Diablo II mazimwi yalimwaga dhahabu bila kikomo, ikakosa maana, wachezaji wakawa wanauziana vitu kwa pete iitwayo Stone of Jordan.

Mimi sasa hazina naitoa kwa karatasi. Huku tangu 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo, unapewa karatasi, mzigo unasubiri mnada. Basi kwenye sanduku la joka niliweka stakabadhi ya magunia 200 ya pilipili manga, ghala la bandari ya mbali. Walisafiri vikao vinne kuifuata, na njiani wakakutana na mfanyabiashara wa kangomba, yule anayenunua mavuno yakiwa bado mtini kwa mtu mwenye njaa. Walimchukia kuliko joka lolote nililowahi kuwaletea.

Na yule mdogo wangu mwenye nyumba ya wageni? Sikumnyang'anya kitu. Mavuno yalipoisha, wazee wa kijiji walimfuata kwa adabu zote: watoto wanatoka jandoni, na mwenye uwezo mwaka huu ni yeye. Akalisha kijiji siku tatu, ngoma, mchele, mbuzi, nguo mpya za watoto wote wa jando. Alibaki na fedha 3 na shaba 7. Kikao kilichofuata aliingia kwa mama pombe, akatoa shaba nne kamili, na chenji haikuhitajika.