Kiangazi cha Tabora: weka maji kwanza, ndege watakuja

Wengi wetu tukitaka ndege waje uani tunaanza na nafaka. Tunamwaga chenga za mahindi asubuhi, na saa mbili baadaye kuku wamezimaliza, na kunguru wawili wamekaa juu ya banda wakingoja nyingine. Hata mimi nilianzia hapo. Miaka sita ya kukaa Ipuli imenionyesha kwamba ndege wa kiangazi hapa Tabora wana shida kubwa kuliko njaa, nayo ni kiu.

Mvua zetu zinakata kati ya Aprili na Mei, na hazirudi mpaka Novemba. Ikifika Septemba nyasi zimekuwa nyeupe, madimbwi ya barabarani yamebaki vumbi, na nje ya mji moto umeshapita kwenye miombo. Ndege aitwaye chozi anapata maji yake ndani ya maua. Shorewanda anayapata kwenye papai, na ndege wa wadudu anayapata kwa mdudu mwenyewe. Lakini tetere, shomoro na mishigi wanaoishi kwa mbegu kavu lazima wanywe, tena kila siku. Hao ndio watakaokuja kwako mwanzo. Wengine wakiona wenzao wanatua bila kudhurika, nao wanafuata.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa beseni la plastiki, refu kama kiganja na vidole vyake, nililolijaza mpaka ukingoni. Siku ya tatu nilikuta mshigi amekufa maji ndani yake. Alikuwa dume: kifua cha buluu kama anga la asubuhi, na doa jekundu shavuni, ametanda mabawa juu ya maji. Kuta za beseni zilikuwa laini na hakuwa na pa kushika. Nilimtoa nikamzika chini ya mwembe, na tangu siku ile sijaweka maji yenye kina kinachozidi vidole viwili.

Sasa natumia kitako cha mtungi uliovunjika. Ndiyo chombo bora nilichowahi kupata, na hakina gharama. Udongo una ukwaruzo, miguu haitelezi, na maji yanabaki baridi hata saa nane mchana, tofauti na sinia la bati linalochemka juani. Katikati naweka jiwe ambalo kichwa chake kinatokeza juu ya maji, ili kindege kidogo kipate pa kusimama. Nimekiweka juu ya matofali manne, kwenye kivuli cha mwembe, hatua tatu au nne kutoka kwenye ua wa minyaa. Umbali huo nimeupata kwa kujaribu. Ukikisogeza mbali zaidi, ndege wanaogopa mwewe, maana hawana pa kukimbilia. Ukikibana na ua, paka anajificha humo na kuruka mara moja.

Maji nabadilisha kila asubuhi. Nasugua kitako kwa brashi na mchanga, sabuni hapana. Majirani waliniuliza kuhusu mbu, na swali lao ni la haki kabisa kwa mji wenye malaria. Yai la mbu linahitaji kama wiki moja au zaidi mpaka litoe mbu anayeruka, kwa hiyo maji yanayomwagwa kila siku hayamlei. Ukisafiri, geuza chombo kifudifudi kabla ya kuondoka.

Kuna jambo moja zaidi lililobadilisha kila kitu, nalo ni sauti. Nilichukua dumu la lita tano, nikalitoboa kitakoni kwa sindano, nikalining'iniza kwenye tawi juu ya kile kitako cha mtungi. Kifuniko ukikilegeza kidogo, tone linadondoka, linatulia, linadondoka tena. Wiki ile ile walikuja ndege ambao sikuwahi kuwaona uani kwetu, akiwemo dudumizi, ambaye kwa kawaida unamsikia tu akibubujisha sauti yake kichakani kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Ndege anayeruka juu ya bati na vumbi haoni maji kwa urahisi, lakini tone likigonga maji anasikia.

Ukishakaa kimya, angalia wanavyokunywa. Tetere anazamisha mdomo na kuvuta mfululizo bila kuinua kichwa, kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Shorewanda anachota kidogo, anainua kichwa juu, maji yanateremka kooni, anachota tena. Nilikaa na maji uani miezi kadhaa kabla ya kuona tofauti hiyo, na sasa namtambua tetere kwa unywaji wake hata jua likiwa machoni.

Nafaka si mbaya, ila ina masharti. Mtama na uwele vinafaa, na chenga za mchele pia. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kabisa. Sumukuvu inayoua watu, kama ilivyoua Dodoma na Manyara mwaka 2016, inaua na ndege. Kama unafuga kuku, usichanganye chakula chao wala maji yao na ya ndege wa porini. Njiwa na tetere wanaweza kuleta mdondo, ugonjwa unaoua kuku. Mimi naweka nafaka kidogo juu ya ubao ulioning'inizwa, mahali ambapo kuku hawafiki, na kuku wangu nawapa tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kama huna uhakika na chanjo, achana na nafaka, na maji yaweke mbali na kuku.

Kinachodumu zaidi ni mimea. Mshubiri unatoa maua wakati wa ukavu, na machozi hawauachi tangu alfajiri. Kwenye mpapai, acha tunda moja la juu liivie mtini. Shorewanda watalitoboa, kisha pasa watakuja kundi zima na mikia yao mirefu, wananing'inia kama panya waliofungwa kamba. Hao pasa watakula na mchicha wako, nakwambia ukweli. Mimi nafunika matuta yangu kwa chandarua chakavu na tunaishi pamoja.

Suala la manati lilinipa shida kuliko paka. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo ya Juni akiwa na manati mfukoni, na siku ya kwanza aliangusha tetere pale pale kwenye maji. Nilikasirika sana, lakini sikumchapa. Nilimpa daftari nikamwambia aandike kila ndege anayetua, saa ngapi, na anafanya nini. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, nikamwambia tuone uani kwetu tutafikisha ngapi. Alipoondoka alikuwa ameandika 23, baadhi kwa majina aliyoyatunga mwenyewe. Manati aliiacha juu ya kabati, mpaka leo ipo.

Daftari ni muhimu kuliko darubini. Kaa saa moja asubuhi mpaka saa tatu, au saa kumi mpaka jua linapozama, mahali pale pale, kwenye kiti kile kile, ili ndege wakuzoee. Usishangae ukikosa majina ya wengi. Kiangazi dume la fumbwe limevua mkia wake mrefu na rangi zake nyeusi na nyeupe, na kweche dume amepoteza wekundu wake. Wote wanafanana na shomoro wa kahawia. Andika mdomo una rangi gani, mkia una urefu gani, na subiri. Ndege yule yule atavaa tena mvua zikikaribia, na ukurasa wako wa Agosti utakuambia alikuwa nani.

Mwishoni mwa Septemba angalia juu pia. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya wanaanza kuonekana kwenye nyaya za umeme, wamevuka Sahara kuja kwetu. Kwenye maji yangu hawatui, wao hunywa wakiwa wanaruka, juu ya bwawa la Igombe.

Mwaka jana mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi nilijaza kitako cha mtungi kama kawaida nikakaa na daftari mpaka saa tatu. Hakuja hata mmoja. Kila jani la mwembe lilikuwa na tone lake, na juu ya minyaa kwera dume mmoja alikuwa amekwishaanza kufunga kiota kwa jani bichi.