Niweke siki kwenye boila?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina mgahawa Kigamboni na mashine ya espreso ya vichwa viwili, tunatumia maji ya kisima. Siku hizi mvuke wa kuchemshia maziwa ni hafifu, na kahawa inaacha uchungu hata nikibadilisha buni. Fundi mmoja kaniambia nitie siki lita 2 kwenye boila kila mwezi. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize, dada yangu. Kila wiki naulizwa hilo. Kama si siki ni ndimu, kama si ndimu ni dawa ya choo. Wote wanaamini mashine ya kahawa ina uchafu wa aina moja. Uchafu huo ni wa aina mbili, mafuta ya kahawa na chokaa ya maji, na dawa ya huu haiugusi ule.

Uchungu wako ni mafuta ya kahawa. Yanaganda kwenye vichujio, kwenye gasketi na nyuma ya wavu wa kichwa, pale kahawa inapotokea, yanachacha, na kila kikombe kinapita humo humo. Asidi haiyaondoi. Yanaondolewa na ule unga maalumu wa kusafishia mashine za kahawa, ambao ni wa alikali. Jioni mkifunga, weka kichujio kisicho na matundu, tia kijiko kidogo cha unga, washa sekunde 10, zima, rudia mara 5. Halafu fanya hivyo hivyo kwa maji matupu mpaka povu liishe. Ni kazi ya kila siku, mashine ikiwa na wateja au haina.

Mvuke ni jambo jingine. Kabla hujamlipa mtu, tazama geji ya presha ya boila. Ikisoma kati ya bari 1 na 1.5 na mvuke bado hafifu, mara nyingi ni maziwa yaliyokauka kwenye ncha ya bomba: ifungue, iloweke kwenye maji ya moto, zibua matundu. Geji ikiwa chini, hapo ndipo tunaongea habari ya swichi ya presha, hita na chokaa, ule ukoko unaoachwa na maji.

Sasa hiyo siki. Mashine nyingi za vichwa viwili, maji ya kahawa hupita kwenye bomba lililo ndani ya boila, hayachanganyiki na maji ya boila yenyewe. Kwa hiyo siki yako haifiki hata kidogo kwenye njia ya kahawa. Na siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5 tu. Ukiimwaga kwenye boila ya lita 10 na zaidi, inabandua vipande vya chokaa bila kuvimaliza. Vipande hivyo vinakwenda kuziba mirija na valvu ambazo jana zilikuwa nzima, na harufu unabaki nayo. Kuondoa chokaa sawasawa ni kumwaga maji, kufungua boila, kutoa hita, kuloweka kwa asidi ya sitriki, kusuuza sana na kubadilisha gasketi. Asiyetaka kufungua boila hataki kazi.

Dawa ya choo inakula shaba. Asidi ya betri, ambayo nimeshaikuta ndani ya boila, inageuza chokaa kuwa jasi, na jasi haitoki kirahisi. Mvuke wa boila hiyo unaingia kwenye maziwa ambayo watu watakunywa!

Hata ukisafisha leo, maji ni yale yale. Chujio la kulainisha maji, lile linalooshwa kwa chumvi ya mawe, linazuia chokaa, haliondoi chumvi. Kisima cha karibu na bahari kikiwa na maji ya chumvi, chumvi hiyo itatoboa boila taratibu, na hapo unahitaji mtambo wa osmosisi, unaochuja hata chumvi. Pima maji kwanza, ndipo ununue.

Na wewe mwingine unayesoma hili: fundi akikuta valvu ya usalama inavuja akataka kuiziba, zima mashine, mwondoe jikoni. Valvu hiyo ndiyo inayozuia boila isipasuke usoni mwa kijana wako wa kaunta. Inabadilishwa, haizibwi.