Boljointi imegoma kutoka

Fundi, habari za kazi. Nabadilisha boljointi ya chini ya gari langu dogo. Nati imetoka bila shida, lakini boljointi haibanduki. Nimegonga ncha ya uzi mpaka imevimba kama uyoga, bado imeganda. Nifanyeje? (Msomaji, Kiboriloni, Moshi)

Nzuri, ndugu yangu, na pole. Umegonga mahali pasipostahili. Ukiendelea, hata nati haitarudi kwenye uzi huo.

Boljointi ni kiungo chenye gololi, kinachounganisha amu (mkono wa chuma unaobeba tairi) na kitovu cha tairi. Kinachoishika si nati peke yake. Mguu wake, ile nondo fupi yenye uzi, umechongwa kama kabari, mnene upande wa gololi na mwembamba upande wa uzi, na tundu unamoingia limechongwa hivyo hivyo. Nati ilipokazwa, iliuvuta mguu ukabana tunduni, chuma kikaumana na chuma. Jembe letu la kuchomeka mpini hufanya kazi kwa namna hiyo: halina msumari, na kadiri unavyolima ndivyo linavyozidi kukaza. Kutu na matope ya masika huja baadaye kuongeza ugumu.

Kwa hiyo piga tundu, uache mguu. Lile jicho la chuma lililozunguka mguu wa boljointi, lipige ubavuni kwa nyundo nzito, kilo 1 na nusu au 2, mapigo mawili matatu makavu. Ukiweza, egemeza nyundo ya pili upande wa pili wa jicho ili nguvu isipotee. Kila pigo linalipinda tundu kidogo mno, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, na kabari inapata nafasi ya kuachia. Kabla ya kupiga, mwambie mwenzako akandamize amu kwa mtarimbo, maana jicho likitikisika lazima pawe na kitu kinachovuta. Ikiachia utasikia "ta!" moja kavu, na amu itashuka.

Usianze kupiga kabla hujarudisha nati nyuzi chache, ikae karibu na ncha. Nati hiyo ndiyo itakayoidaka amu isikuangukie. Na kama jicho lenyewe ni la aluminiamu, weka nyundo kando kabisa, tumia pula, chombo cha skrubu kinachosukuma mguu utoke.

Shikamoo fundi. Nilipeleka gari kubadilishiwa shafti. Boljointi ilikuwa nzima, ila fundi aliitoa ili apate nafasi. Sasa raba yake imechanika na grisi inatoka. Ananiambia ni kawaida. (Dada wa Sakina, Arusha)

Marahaba, dada yangu. Si kawaida. Huenda alitumia ile uma ya chuma yenye meno mawili, inayosukumwa kwa nyundo katikati ya boljointi na jicho. Uma inafungua haraka, ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda, lakini ni nadra sana kuiacha raba salama. Kwa boljointi inayokwenda kutupwa, sina neno. Kwa boljointi inayorudi garini, chombo chake ni pula, inayosukuma ncha ya mguu taratibu kwa skrubu huku raba ikibaki nzima.

Raba ikichanika, grisi inatoka na vumbi linaingia. Vumbi letu, hasa ukishaacha lami, linasaga gololi kama msasa. Rudi kwake umwombe kwa upole akuwekee raba mpya na grisi safi mapema, kabla mchanga haujaingia. Kama umeshatembea nayo wiki kadhaa, ibadilishwe yote. Na kwa maoni yangu, gharama ni yake.

Fundi, bosi ananiambia boljointi ikigoma nichome kwa gesi. Ni sawa? (Kijana anayejifunza kazi, Unga Limited)

Moto unasaidia, kwa sababu jicho likipata joto linatanuka. Lakini uwe hatua ya mwisho, na kwa boljointi unayoitupa tu. Ndani mna grisi iliyofungiwa. Ikichemka inaweza kupasua raba na kukurukia usoni ikiwa inawaka. Angalia pia hozi ya breki na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama ukifunga breki), vyote viko karibu hapo. Kama umepulizia mafuta ya kulegeza kutu, yafute kabisa kwanza. Aluminiamu usiichome kamwe: haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma, kwa hiyo inapoteza nguvu huku macho yako hayaoni kitu.

Mdogo wangu, nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi kwenye gereji moja Pasua, Moshi, tulifungua boljointi ya Hiace bila jeki chini ya amu. Front yake inabebwa na tosheni baa, chuma kirefu kilichosokotwa ambacho muda wote kinaisukuma amu kushuka. Boljointi ilipoachia, amu ilishuka kwa kishindo, ikapita kiganja kimoja kutoka goti la mwenzangu. Sijasahau ule mlio. Jeki ikae chini ya amu, ibebe uzito, halafu uishushe polepole baada ya kuachanisha. Gari lenyewe likae juu ya stendi. Mawe na matofali hapana, tofali hupasuka bila kuaga.

Sisi tunaendesha Land Cruiser za 70 kwenye safari za Serengeti. Boljointi zake ziko wapi? (Dereva, Njiro)

Hazina, kaka. Mbele kuna ekseli nzima, na tairi linageukia kwenye bearing za juu na chini. Ila tairodi endi zake, viungo vya ncha za fito za usukani, zimechongwa kabari vile vile, na zikigoma dawa ni ile ile ya kupiga jicho ubavuni.

Nikifungua nati, mguu wa boljointi unazunguka nao. (Msomaji, Usa River)

Weka jeki chini ya boljointi, ipandishe kidogo ili kabari ibane, kisha fungua. Kama mguu unaingia kutokea juu, ukandamize kwa mtarimbo. Baadhi zina tundu la spana ya elen (ile ya pembe sita) kwenye ncha, shika hapo.

Nimefunga boljointi mpya. Tundu la pini halikulingana na meno ya nati, nikairudisha nyuma kidogo pini ikaingia. Nimekosea? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Umekosea, na naomba usiliendeshe gari mpaka urekebishe. Ukirudisha nati nyuma umelegeza kabari. Mguu utaanza kucheza tunduni, utalila jicho likawa la yai, na siku moja tairi litalala chini ukiwa barabarani. Toa pini, achia kabari, futa mguu na tundu kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi hapo, kabari hushika ikiwa kavu. Kaza kwa kipimo cha gari lako kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, halafu ongeza mbele tu, mpaka pengo la karibu kati ya meno lilingane na tundu. Weka pini mpya, ile iliyokwisha kupindwa usiirudishe. Ukimaliza, peleka gari alaimenti, yaani kunyooshwa mwelekeo wa matairi, kabla halijala matairi.