Mwalimu wa Kiswahili na kompyuta, wapi na wapi?

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa Songea. Anafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 70, na shule yao haina kompyuta hata moja ya wanafunzi. "Shikamoo Madam. Nimesikia unafundisha Kiswahili kwa sayansi ya kompyuta. Na mimi nataka. Ninunue kishikwambi kipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu swali kama hilo ndilo lililoniumbua mwaka 2019.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu, kichwa kimejaa moto. Nikajiona mimi ndiye nitakayeileta karne mpya katika shule yetu. Tulikuwa na maabara ya kompyuta: mashine 11 chini ya vitambaa vya maua, ufunguo kwa mtunza stoo. Nikaomba kipindi cha mara mbili, nikawapeleka Kidato cha Pili wote 58 wakaandike insha kwa kompyuta. Mashine zilizowaka ni nne. Dakika ishirini zikaishia kwenye kutafuta herufi ya "z" ilipo, watoto 14 wamesongamana kwenye kioo kimoja, na umeme ukakatika. Nikabaki nimesimama na chaki mkononi kwenye chumba kisicho na ubao.

Kilichoniuma si umeme. Ni kikao cha walimu siku iliyofuata. Mwenzangu mmoja, ambaye hata leo tunasalimiana tu kwa adabu, alisema mbele ya wote: "Mwalimu wa Kiswahili na kompyuta, wapi na wapi?" Watu wakacheka. Mtaaluma naye akaniandikia kwenye andalio langu la somo, kwa wino mwekundu, kwamba nimepoteza vipindi viwili vya mitaala. Andalio hilo ninalo. Nililitia plastiki.

Miaka miwili iliyofuata sikugusa kitu, nayo nairuka.

Nilichokuja kugundua baadaye, na ndicho ninachotaka mwalimu wa Songea akisikie, ni kwamba siku ile sikufundisha sayansi ya kompyuta hata kidogo. Nilifundisha kuchapa. Sayansi yenyewe ni kuieleza kazi hatua kwa hatua, kwa namna ambayo hata kitu kisicho na akili kitaifanya bila kukuuliza. Huko New Zealand, Tim Bell, mhadhiri wa sayansi ya kompyuta, na wenzake wameifundisha kwa kadi na kamba tangu miaka ya 1990, bila mashine. Na somo langu mimi limejaa kanuni. Kiswahili chote ni kanuni, halafu vighairi vinakuja kuzivuruga.

Nilianza na ngeli. Niliwaambia Kidato cha Kwanza: "Mimi ni mashine, sijui Kiswahili, niandikieni amri." Wakaandika wakiwa wamejiamini: neno likianza na "ki", kitenzi kianze na "ki". Nikasoma amri, nikatamka: "Kitabu kimeanguka." Makofi. "Kikombe kimevunjika." Makofi. "Kiboko kimelala." Darasa likapasuka kwa kicheko. "Kijana kimechelewa." Binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama akasema, "Madam, uulize kwanza kama kina uhai." Basi. Alichosema ni mpangilio wa masharti: swali la uhai linatangulia, la herufi linafuata, na ukiyageuza mashine inakosea. Miaka tisa nilikuwa nimewakaririsha ngeli ya A-WA kwa nyimbo, na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Kisha tukaingia kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo wa shairi, na hapo kidogo nijisifu, mniwie radhi. Nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, mwenyewe usiku, watoto wangu wamelala. Nikaazima projekta, nikaja na kompyuta mpakato yangu moja. Wanafunzi walikuwa wamekubaliana kwamba kuhesabu mizani ni kuhesabu irabu. Tukaandika programu ya mistari sita, tukaipa "Mtoto umleavyo". Mashine ikasema 6. Vidole vya darasa zima vikasema 8. Kimya. Halafu kelele: "Madam, imeiacha ile 'm'!" Kweli, m-to-to-u-m-le-a-vyo, "m" mbili zimesimama peke yake kama silabi.

Wakaongeza amri: "m" ikifuatwa na konsonanti, hesabu moja. Tukajaribu "mwalimu". Mizani 4. Wakanicheka mimi sasa. Wakairekebisha: isipokuwa "w". "Mbuzi" ikaleta tatu. Wakaongeza isipokuwa "b". "Mvua" nayo ikaleta tatu; wakaongeza "v". Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Ndipo kijana mmoja akauliza kuhusu "mbuni". Ndege ni mbu-ni, mizani mbili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, mizani tatu. Herufi ni zilezile. Mashine itajuaje? Haiwezi kujua kwa herufi pekee, mpaka isome sentensi nzima na kuielewa. Kwenye daftari lake yule kijana aliandika amri ya mwisho: "Likiwa mbuni, simama, muulize Madam."

Sasa wale waliocheka kikaoni wako wapi? Mmoja anafundisha Jiografia, na mwaka jana alikuja mwenyewe kuniomba nimsaidie. Tulichukua Sensa ya 2022: watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Wanafunzi wakaambiwa wazidishe kwa 1.032, wachukue jibu, wazidishe tena, kwa vikokotoo vya kawaida, wahesabu raundi hadi idadi iwe mara mbili. Nusu wakasema 22, nusu 23. Wote walikokotoa sawa. Raundi ya 22 inafika karibu milioni 123.46, na mara mbili kamili ni milioni 123.48. Ugomvi ulikuwa juu ya neno "hadi": unasimama ukikaribia au ukishavuka? Waandishi wa programu hugombana kwa jambo hilohilo kila siku. (Sikumkumbusha kicheko chake cha 2019. Nilitamani.)

Walimu wenzangu, tuache kulia lia. Tumegawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa, na wengi wetu, nami nikiwemo, tumeangalia navyo tamthilia. Tunasubiri maabara, tunasubiri umeme, tunasubiri mfadhili wa kupiga naye picha, na huku kanuni tunazowakaririsha watoto hatujawahi kuzijaribu sisi wenyewe. Tafuta kanuni ambayo wanafunzi wako wanaamini wanaijua. Wape waiandike kama amri. Itekeleze kijinga, bila huruma, mpaka ikwame. Mwalimu wa Baiolojia, ule ufunguo wa kutambua viumbe kwa maswali ya ndiyo au hapana ni huohuo, unao tayari kwenye kitabu. Narudia: kanuni kwanza, mashine baadaye.

Sasa mdogo wangu wa Songea. Usinunue kishikwambi. Nunua manila mbili na maka peni, ukate kadi nane: Mkutano wa Berlin 1884, Majimaji 1905, TANU 1954, Uhuru 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 1964, Muungano 1964, Azimio la Arusha 1967, CCM 1977. Wasimamishe wanafunzi wanane mbele, kila mmoja na kadi yake, wamechanganyika. Kazi: wajipange kwa mfuatano wa miaka, kama kompyuta inavyopanga orodha. Sharti: mtu anaruhusiwa kujilinganisha na jirani yake tu, na kubadilishana naye nafasi tu. Wengine wahesabu mabadilishano. Mstari ukianza umegeuka kinyume kabisa, yatakuwa 28.

Ila kwenye kadi za Mapinduzi na Muungano andika mwaka peke yake. Usiwape mwezi. Wafike wao wenyewe pale wawili wanapotazamana, kila mmoja ameshika 1964 na hakuna anayejua nani amtangulie mwenzake, ndipo uulize Januari ni ipi na Aprili ni ipi. Na herufi ziwe kubwa. Walio nyuma hawaoni.