Unasoma Sana na Bado Unasahau? Funga Kitabu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Anasoma usiku kucha, anapiga mistari kwa kalamu za rangi, kila ukurasa anauelewa, lakini akikaa kwenye chumba cha mtihani kichwa kinakuwa kitupu. Anauliza kama ubongo wake una kasoro.

Ndugu yangu, hauna. Mimi niliwahi kuambiwa na mwalimu, mbele ya darasa zima, kwamba nina kichwa kizito. Maneno yale yananiuma hadi leo. Juzi nimepata matokeo ya somo la saikolojia ya utambuzi, somo linalochunguza jinsi tunavyopokea mambo, kuyatunza na kuyafikiria, na nimefaulu kwa alama za juu. Nasema kwa fahari kabisa: kichwa ni kilekile.

Aliyenituliza moyo kwanza ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima inamgharimu kazi kiasi gani kuzikariri upya. Akaona kwamba usahaulifu huenda mbio mwanzoni: saa moja tu ikipita, zaidi ya nusu ya faida ya kukariri mara ya kwanza imeshapotea. Baadaye kasi inapungua. Kwa hiyo kusahau ulichosoma jana ni kawaida ya binadamu, na yeyote anayekucheka kwa hilo naye anasahau.

Kilichonibadilisha hasa ni majaribio ya wanasaikolojia Roediger na Karpicke ya mwaka 2006. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Kuna waliovisoma tena, na kuna walioviweka kando wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, kusoma tena kuliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawa mbele. Ndiyo maana kalamu za rangi zinatudanganya: ukurasa ukishauzoea unasomeka kwa wepesi, na akili inauchukua wepesi huo kuwa ni kujua.

Basi nikaanza kufunga kitabu. Jioni moja, baada ya sura ya kumbukumbu ya muda mfupi, nilichukua karatasi tupu nikaandika: George Miller, 1956, vitu 7, ongeza au punguza 2. Yaani, mwanasaikolojia huyo alisema kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama 7 hivi kwa wakati mmoja. Hapo mkono ukasimama. Nilikumbuka kuna habari ya kufunga vitu katika mafungu, ila mfano wa kitabuni haukuja. Nikang'ang'ana mpaka nikaunda wangu: 1, 9, 4, 5 ni tarakimu 4, lakini kwa anayejua mwaka vita kuu ya pili ilipoisha, hicho ni kitu kimoja. Nilipofungua kitabu nilikuwa nimepatia. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani, nikaandika kwa raha.

Na simu iwe mbali, tafadhali. Mwaka 1999 wanasaikolojia Simons na Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakaombwa wahesabu pasi. Mtu aliyevaa vazi la sokwe akapita katikati, akajipiga kifua, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yalikuwa palepale! Kama sokwe anapita bila kuonekana, aya ya kitabu itaponea wapi huku unasubiri ujumbe?

Ukishaandika, lazima urudi kitabuni ukahakikishe. Kumbukumbu hujijenga upya kila tunapoiita, na penye pengo inajaza yenyewe. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alilieleza hili mwaka 1932: Waingereza waliosimulia upya hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waliipindisha kufuata mazoea yao, hata mtumbwi ukageuka mashua. Nao waliamini wanakumbuka sawasawa. Usiamini kichwa chako kwa sababu tu kina uhakika. Wengi wanaanguka hapo, na ni watu wenye bidii kweli.

Wewe uliyeniandikia, acha kuhesabu saa za kusoma. Kesho asubuhi, kabla hujagusa kitabu, andika kila unachokumbuka cha leo, hata kama ni mistari miwili. Sahihisha. Rudia baada ya siku mbili tatu, kisha wiki ijayo, kila mara karatasi ikiwa tupu na kitabu kikiwa kimefungwa.