Maswali ya video: kazi inayofanyika kabla ya kubana

Mahindi yameshaingia ghalani, send-off na harusi zimeanza, na wapiga video wa Nyanda za Juu Kusini wamenijazia maswali. Karibu yote yanaangukia sehemu moja: kile ambacho programu inafanya baada ya kufungua faili na kabla ya kulibana, yaani kulipunguza ukubwa.

*Kamwene kaka. Nimerekodi kwaya kanisani saa nzima kwa simu. Mwanzo midomo na sauti vinakwenda pamoja, mwishoni sauti inabaki nyuma kabisa. Laptopu imechoka? (Mafinga)*

Kamwene. Laptopu haina kosa, iache. Simu haipigi frem, zile picha moja moja zinazounda video, kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Wingu likipita, kanisa likaingia giza, inapunguza frem ili kila moja ipate mwanga wa kutosha, na kila frem inawekewa muda wake. Programu inayosoma muda huo haina shida. Isiyousoma inazipanga zote kana kwamba zilipigwa 30 kwa sekunde. Piga hesabu: kwa wastani wa frem 29.9, saa nzima ina frem 107,640. Zikichezwa 30 kwa sekunde zinaisha kwa sekunde 3,588. Picha imefika sekunde 12 kabla ya sauti.

Mimi yalinikuta kwenye harusi moja Uyole. Mchungaji kashafunga mdomo, kashakaa, ndipo "amina" ikasikika. Mama wa bibi harusi hakucheka.

Pitisha klipu kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uchague mwendo thabiti wa frem. Itarudia frem panapopwaya na kuruka panapozidi, ikifuata muda ulioandikwa. Ifanye kabla ya kuediti. Ukishakata na kuunganisha, utarekebisha kipande kwa kipande mpaka jogoo awike.

*Shikamoo fundi. Nahamisha kanda za MiniDV za marehemu baba. Watu wakicheza ngoma wanatoka na mistari kama meno ya chanuo, na nikikuza picha inazidi kuwa mbaya. (Tukuyu)*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kamera za wakati ule, kwa mfumo wa video uitwao PAL, zilichukua nusu picha 50 kila sekunde: mara mistari ya witiri, mara ya shufwa. Kila frem ya mistari 576 ni nusu mbili za 288 zilizopigwa kwa nyakati tofauti kidogo. Mkono wa mchezaji ukiwa umesogea katikati, unaonekana umechanika. Programu inaweza kuzitenganisha nusu hizo. FFmpeg, programu ya kuchakata video, ina kichujio kinachoitwa yadif kwa kazi hiyo. Kosa lako ni mpangilio. Umekuza kwanza, na kukuza kunachanganya mistari jirani kuwa uji. Baada ya hapo hakuna kichujio kitakachoitambua. Tenganisha, halafu ndipo ukuze.

Na kama baba anaonekana kakondeana kuliko unavyomkumbuka, ni kwa sababu pikseli za kanda hizo, vile vidoti vinavyounda picha, si mraba. Picha ya 720 kwa 576 ivutwe iwe 768 kwa 576.

*Dakika kumi za moto wa usiku zimetoka faili kubwa kuliko dakika kumi za mchana, kwa ubora uleule. Kwa nini? (Iringa)*

Kwa sababu ya chembechembe. Kubana video ni kutafuta kisichobadilika kutoka frem moja hadi nyingine na kukiandika mara moja tu. Gizani kamera inatoa chembe zinazorukaruka kila frem, kwa hiyo hata ukuta uliosimama unaonekana kila wakati ni mpya. Punguza chembe kidogo kabla ya kubana, faili litapungua sana. Nimesema kidogo. Vijana wengi wanavuta mpaka mwisho, bibi anatoka na uso wa plastiki.

Kwa ukungu, hasa ule mzito wa Isyonje asubuhi, mimi siondoi kitu. Ukiusafisha sana, ule weupe unaofifia taratibu unageuka ngazi ngazi. Chembe chache ndizo zinazozificha.

*Programu inakataa video yangu ya 1279 kwa 719. (Njombe)*

Kata pikseli moja ya upana na moja ya kimo, iwe 1278 kwa 718. Kwa ubanaji wa kawaida, pikseli nne, mbili kwa mbili, zinagawana rangi moja, kwa hiyo namba witiri hazigawiki. Hata video ya mistari 1080 tunayoizoea ina ujanja wake: H.264, njia ya kubana inayotumika sana, inafanya kazi kwa miraba ya 16, inahifadhi mistari 1,088, na 8 inafichwa wakati wa kuonyesha.

*Umeme ulikatika kamera ikiwa kwenye waya, inarekodi. Faili la MP4 lipo, zito, ila halifunguki popote. (Makambako)*

Kamera nyingi huandika faharasa ya MP4 mwishoni, ukibonyeza kuzima. Picha zako huenda zipo, ila programu haijui ipi inaanzia wapi. Usifomati kadi, wala usirekodi juu yake. Nakili faili kwenye kompyuta, kisha rekodi klipu fupi kwa kamera ileile na mpangilio uleule, kwenye kadi nyingine. Programu ya bure iitwayo untrunc inaitumia klipu nzima kama kiolezo cha kuijenga faharasa iliyokosekana. Si kila faili linaokoka, ila jaribu kabla hujampigia simu bwana harusi.