Waigizaji wa Ghosts na Horrible Histories ni walewale

Umeuliza kama wanaoigiza mizimu katika Ghosts, tamthilia ya vichekesho ya BBC, ndio waliokuwa wakiwafundisha watoto wa Uingereza historia kwa vichekesho. Ndio hao hao. Mathew Baynton, Simon Farnaby, Martha Howe-Douglas, Jim Howick, Laurence Rickard na Ben Willbond walijulikana pamoja kupitia Horrible Histories, iliyoanza kurushwa na CBBC (idhaa ya watoto ya BBC) mwaka 2009 kutokana na vitabu vya Terry Deary, kisha wakaendelea na kipindi cha Yonderland, filamu ya Bill ya mwaka 2015, na hatimaye Ghosts mwaka 2019.

Kuhusu hofu yako kwamba Horrible Histories ni mzaha mtupu, kipindi hicho kilikuwa na mshauri wa historia, Greg Jenner, na panya wa bandia aitwaye Rattus hujitokeza katikati ya vituko kuthibitisha kwamba jambo fulani, hata likionekana la kubuni, lilitokea kweli. Binafsi napenda zaidi pale Farnaby, akiwa Kifo mwenye joho jeusi, anapowahoji marehemu walikufaje, kisha akawacheka waziwazi (ukatili mtamu, nakiri). Naye Baynton, akiwa Mfalme Charles II wa Uingereza, anaghani kwa mtindo wa rapu jinsi alivyorudisha starehe zilizobanwa enzi za Oliver Cromwell, aliyetawala nchi ilipokuwa haina mfalme, na mtoto anayeukariri wimbo huo huwa ameshapata mfuatano wa matukio ambao mwalimu angehitaji kipindi kizima kuuandika ubaoni.